Nani aliiba kiti? Ugomvi wa Seneti ya Marekani juu ya majaji wa Mahakama ya Juu

“Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Marekani mwaka wa kumi na mbili sasa, na mwaka jana nilikula kiapo cha uraia. Kazini kwetu habari ya jaji wa Mahakama ya Juu ikitajwa tu, mabishano yanazuka. Mmoja anasema Warepublican waliiba kiti mwaka 2016 na wakavunja Katiba. Mwingine anasema Wademokrat ndio walioanza walipomwangusha mtu aitwaye Bork, na kwamba zamani majaji walipita kwa heshima bila siasa. Mimi nabaki kusikiliza tu. Nina maswali matatu. Nani mkweli? Kama majaji ni watu wa vyama, kuna faida gani kwenda mahakamani? Na la tatu: mdogo wangu amekuja hapa na anataka kuomba hifadhi. Jamaa anayemsaidia makaratasi amemwambia asiwe na haraka, asubiri jaji mpya aingie Mahakama ya Juu ndipo apeleke ombi. Je, huo ni ushauri mzuri?”

Marahaba, na hongera kwa uraia.

Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lisilongoja. Huo si ushauri mzuri, na unaweza kumgharimu mdogo wako haki yake ya kuomba hifadhi. Sheria ya Marekani inamtaka anayeomba hifadhi awasilishe ombi ndani ya mwaka mmoja tangu alipoingia nchini. Ipo misamaha, lakini ni michache, na anayeitaka hulazimika kuthibitisha kwa nini alichelewa. “Nilikuwa nasubiri jaji mpya” haimo. Muda huo hausimami eti kwa sababu maseneta wanagombana. Tena jaji atakayemsikiliza mdogo wako hapigiwi kura na Seneti hata kidogo, jambo nitakaloeleza mbele. Kwa sasa muulize tarehe aliyoingia, uihesabu, kisha endelea kusoma.

Sasa turudi kazini kwako. Wenzako wote wawili wana hoja, na wote wawili wamekosea mahali pamoja: kila mmoja anaamini palikuwa na enzi ya ustaarabu ambayo upande wa pili uliivunja. Enzi hiyo ilikuwapo kwa muda mfupi tu, na sababu zake hazikuwa ustaarabu.

Katiba yenyewe inasema machache mno. Rais huteua majaji wa Mahakama ya Juu kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, na majaji hukaa maadamu wana mwenendo mwema, yaani maisha yao yote, wasipojiuzulu au kuondolewa na Bunge kwa mashtaka. Basi. Haisemi Seneti ichukue siku ngapi. Haisemi lazima pawe na mahojiano, wala kura ngapi zinatosha, wala hata majaji wawe wangapi. Nafasi yote iliyoachwa wazi hapo imejazwa na desturi, sheria za kawaida na kanuni za Seneti, na kanuni hizo hubadilishwa na wale wale wanaozitumia. Ukilishika hili, mengine yote hayatakusumbua.

Ndiyo maana mivutano ilianza mapema. Mwaka 1795 George Washington, rais wa kwanza, alimteua John Rutledge kuwa Jaji Mkuu. Rutledge alikuwa ameshakalia kiti kwa uteuzi wa muda, Seneti ikiwa mapumzikoni. Kosa lake lilikuwa kutoa hotuba kali ya kuupinga mkataba ambao serikali ilifunga na Uingereza. Maseneta walioutaka mkataba wakamkataa kwa kura 14 dhidi ya 10. Mwezi Desemba 1828 Rais John Quincy Adams, akiwa ameshashindwa uchaguzi, alimteua John Crittenden. Wafuasi wa Andrew Jackson wakaliahirisha jina hilo ili nafasi imngoje mtu wao. Futa tarehe na majina hapo, utadhani unasoma habari ya 2016. Katika miaka ya 1840 John Tyler, aliyekuwa amekosana na chama chake mwenyewe, alipeleka jina baada ya jina na akafanikiwa kupitisha jaji mmoja tu. Mwaka 1866 Bunge likapitisha sheria ya kupunguza viti kutoka kumi hadi saba, na Rais Andrew Johnson akakosa pa kuteua. Alipoondoka madarakani, mwaka 1869, viti vikawa tisa, na ndivyo vilivyo mpaka leo.

Karne ya 20 nayo haikuanza kwa utulivu. Mwaka 1916 Louis Brandeis, Myahudi wa kwanza kuteuliwa, alisubiri zaidi ya miezi minne huku matajiri na mawakili wakubwa wakija kumsema mbele ya kamati ya Seneti. Alipita kwa kura 47 dhidi ya 22. Mwaka 1930 John Parker alianguka kwa kura mbili tu, 39 dhidi ya 41, baada ya vyama vya wafanyakazi na jumuiya ya kutetea haki za Weusi kuungana dhidi yake.

Nadhani anayesema “zamani” huwa na maana ya miaka ya katikati ya karne hiyo. Hapo ni kweli mambo yalikuwa mepesi. Byron White aliteuliwa Aprili 1962 na kuidhinishwa siku nane baadaye, kwa sauti tu, bila hata kuhesabu kura. Lakini tazama vyama vilivyokuwa. Chama cha Democratic kilikuwa na wahafidhina wakali wa majimbo ya Kusini, na chama cha Republican kilikuwa na waliberali wa Kaskazini Mashariki. Mistari ya ugomvi ilipita ndani ya vyama. Thurgood Marshall alipoteuliwa na Rais Lyndon Johnson mwaka 1967 kuwa jaji wa kwanza Mweusi, alipata kura 69 dhidi ya 11, na kumi kati ya hao kumi na mmoja walikuwa wa chama cha rais aliyemteua. (Huyu ndiye Marshall aliyewashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba pale Lancaster House, London, mwaka 1960. Wapo Wakenya wengi wasiolijua hilo.) Kwa hiyo utulivu ule haukumaanisha kwamba watu walikubaliana. Walipingana vikali, ila jezi za vyama hazikulingana na hoja zao.

Baada ya sheria za haki za kiraia za miaka ya 1960, wahafidhina wa Kusini walihamia Republican polepole na waliberali wa Kaskazini wakahamia Democratic. Siku hizi jezi na hoja zimelingana karibu kabisa, na hapo ndipo kila uteuzi ulipogeuka vita vya chama kwa chama.

Mwenzako wa pili anataja Bork, na ana haki ya kumtaja. Mwaka 1987 Rais Reagan alimteua Robert Bork, msomi mkubwa aliyekuwa ameandika wazi kwamba maamuzi kadhaa ya mahakama kuhusu faragha na haki za kiraia yalikosewa. Haikupita hata saa moja baada ya jina kutangazwa, Seneta Ted Kennedy alisimama kumchora kama mtu atakayeirudisha Marekani kwenye enzi za giza. Kampeni dhidi yake ilikuwa na matangazo ya televisheni kana kwamba anagombea urais. Hayo ni kweli. Lakini mwambie mwenzako pia kwamba Bork alipewa mahojiano ya siku kadhaa, akapigiwa kura na Seneti nzima, na akashindwa 42 kwa 58. Warepublican sita walimkataa na Wademokrat wawili walimkubali. Kiti hakikubaki tupu: Anthony Kennedy, aliyeteuliwa na Reagan huyo huyo, aliidhinishwa Februari 1988, kura 97 bila pingamizi. Wala Bork hakuwa wa kwanza katika zama hizi. Mwaka 1968 Warepublican na Wademokrat wa Kusini walimzuia Abe Fortas asiwe Jaji Mkuu, na mwaka 1969 na 1970 Seneti ikawakataa wateule wawili mfululizo wa Rais Nixon.

Bork aliacha urithi mwingine, nao kwangu ni mkubwa kuliko kura zenyewe. Aliyajibu maswali. Aliulizwa anavyofikiri, akasema anavyofikiri. Waliomfuata wakajifunza wasifanye hivyo. Ukitazama mahojiano ya siku hizi utamwona mteule ameketi peke yake mezani, mbele yake safu ya maseneta ishirini na kitu, kila mmoja na dakika zake, na jibu ni lile lile kwa namna nyingi: siwezi kuzungumzia jambo linaloweza kunijia mahakamani. Mwaka 1995 Elena Kagan, wakati huo mwalimu wa sheria, aliandika kwa ukali kwamba mahojiano hayo yamekuwa mchezo mtupu. Mwaka 2010 akateuliwa yeye, akaketi pale pale, na akawa mwangalifu kama wenzake. Simlaumu. Anayejibu sana hupoteza kura na hapati hata moja ya ziada. Mwaka 2020 seneta mmoja alimwomba mteule Amy Coney Barrett aonyeshe karatasi alizokuwa akisomea majibu. Akainua kijitabu kilichokuwa hakina hata mstari. Wafuasi wake walishangilia kumbukumbu yake. Mimi niliona kwamba kwa maswali na majibu ya aina ile, karatasi ya nini?

Sasa 2016. Jaji Antonin Scalia alifariki tarehe 13 Februari. Siku hiyo hiyo Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican waliokuwa wengi katika Seneti, alisema kiti kimngoje rais ajaye. Tarehe 16 Machi Rais Obama alimteua Merrick Garland, jaji wa rufaa aliyesifiwa hata na Warepublican kadhaa. Hakuhojiwa na kamati. Hakupigiwa kura. Jina lake lilikaa siku 293 na kufa lenyewe Bunge lile lilipomaliza muda wake, Januari 2017.

Je, Katiba ilivunjwa? Kwa maoni yangu, hapana. Hakuna kifungu kinachoiamuru Seneti kupiga kura, na kama nilivyokuonyesha, mwaka 1828 walifanya kitu kilicho jirani sana na hicho. Neno “kuiba” ni la kisiasa. Kilichovunjwa ni desturi: kwa miaka mingi mteule wa rais aliye madarakani alikuwa akisikilizwa, hata kama mwisho wake ni kukataliwa. Tena sababu waliyoitoa, kwamba katika mwaka wa uchaguzi wananchi waachiwe waamue, haikuchukua muda kupimwa. Jaji Ruth Bader Ginsburg alifariki tarehe 18 Septemba 2020. Barrett aliteuliwa na Rais Trump siku nane baadaye na kuidhinishwa tarehe 26 Oktoba kwa kura 52 dhidi ya 48, siku nane kabla ya uchaguzi, huku mamilioni wakiwa wameshapiga kura za mapema. McConnell alieleza kwamba mara hii hali ni tofauti, kwa kuwa rais na Seneti ni wa chama kimoja. Lindsey Graham, aliyeongoza mahojiano hayo, ndiye aliyekuwa amesema mwaka 2016 kwamba Mrepublican akiwa rais na kiti kikawa wazi mwaka wa mwisho, rais ajaye ndiye ateue, na watu wakumbushe maneno yake. Walimkumbusha. Hakuna kilichobadilika.

Usidhani upande wa pili ni malaika. Joe Biden, akiwa seneta mwaka 1992, alihutubia Seneti akipendekeza kwamba kiti kikiwa wazi wakati wa kampeni, uteuzi ungoje uchaguzi upite. Warepublican waliitoa hotuba hiyo kabatini mwaka 2016. Barack Obama, akiwa seneta mwaka 2006, alikuwa miongoni mwa waliojaribu kuzuia kura ya Samuel Alito. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Pande zote mbili za Seneti zinaujua mkuki huo.

Hapa nikueleze mtambo wenyewe, maana wengi hubishana juu ya tabia za watu na kuuacha. Seneti ina watu 100, wawili kwa kila jimbo. Kwa muda mrefu kanuni iliwaruhusu wachache kuzuia jambo kwa kutokubali mjadala ufungwe, mbinu iitwayo filibasta, na kuufunga mjadala kulihitaji kura 60. Rais aliyejua kwamba chama chake kina viti 53 au 55 alilazimika kutafuta jaji ambaye angalau wachache wa upande wa pili wangemvumilia. Novemba 2013 Wademokrat, wakiwa wamechoshwa na Warepublican kuwazuia wateule wa Obama, waliiondoa kanuni hiyo kwa majaji wa ngazi za chini na maafisa wa serikali, wakaiacha kwa Mahakama ya Juu. Aprili 2017 Wademokrat walipotaka kumzuia Neil Gorsuch kukalia kiti cha Scalia, Warepublican wakaiondoa na huko. Tangu siku hiyo wingi wa kawaida unatosha, na kura zikigawanyika sawa makamu wa rais anaamua.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu. Scalia alipita mwaka 1986 kwa kura 98 kwa sifuri, na Ginsburg mwaka 1993 kwa 96 kwa 3. Wote wawili walijulikana vizuri sana wanasimamia nini. Brett Kavanaugh alipita mwaka 2018 kwa 50 kwa 48, baada ya mahojiano yaliyotawaliwa na tuhuma za shambulio la kingono, ambazo alizikana. Ketanji Brown Jackson, mwanamke wa kwanza Mweusi katika mahakama hiyo, alipita Aprili 2022 kwa 53 kwa 47. Kamati iligawanyika 11 kwa 11 ikabidi Seneti nzima ipige kura ya kulitoa jina lake kamatini. Rais asiyehitaji kura hata moja ya upande wa pili hana sababu ya kumtafuta mtu wa katikati, na seneta wa upinzani anayemkubali mteule hapati shukrani bali hasira za wapiga kura wa chama chake.

Juu ya hapo weka mambo mawili. Kwanza, kiti chenyewe kimekuwa na thamani kubwa mno. Bunge limekwama kwa miaka mingi, na mambo ambayo nchi nyingine huyamaliza bungeni, kama utoaji mimba, bunduki au mipaka ya madaraka ya rais, hapa huishia mezani kwa watu tisa. Pili, kiti hukaliwa kwa muda mrefu. Clarence Thomas aliingia mwaka 1991 akiwa na miaka 43. Barrett aliingia na 48. Vyama sasa vinatafuta vijana kwa makusudi. Na nafasi huja kwa bahati: Jimmy Carter alimaliza miaka minne bila kuteua jaji hata mmoja wa Mahakama ya Juu, Donald Trump akapata watatu katika miaka yake minne ya kwanza. Ukiwa na zawadi kubwa hivyo, ya maisha, inayogawiwa kwa kifo na kustaafu, na mlango unaofunguka kwa kura 51, ugomvi utakuwapo hata ukijaza Seneti watu wapole.

Swali lako la pili: basi majaji ni watu wa chama? Nitakujibu bila kupamba. Katika kesi kubwa za kisiasa, ndiyo, siku hizi unaweza kukisia kura nyingi kwa kutazama nani alimteua nani. Haikuwa hivyo daima. John Paul Stevens na David Souter waliteuliwa na marais wa Republican wakawa nguzo za upande wa kiliberali. Stevens alipostaafu mwaka 2010 ndipo mgawanyiko wa mahakama ulipolingana kabisa na vyama vya marais. Uamuzi wa Juni 2022 uliofuta haki ya kikatiba ya utoaji mimba usingetokea vile bila viti vitatu vya 2017 hadi 2020. Kumwambia mtu kwamba siasa haiingii humo ni kumdanganya.

Lakini kesi hizo ni sehemu ndogo. Nyingine nyingi huamuliwa kwa kauli moja, au kwa mgawanyiko usiofuata chama. Nikupe mfano ulio karibu na mdogo wako. Aprili 2021 iliamuliwa kesi ya Agusto Niz-Chavez, mhamiaji kutoka Guatemala. Sheria ilisema saa ya kuhesabu miaka kumi ya ukaazi wake, aliyoihitaji ili aombe asifukuzwe, ingesimama akipewa hati ya kuitwa mahakamani. Serikali ilimpa hati isiyo na tarehe ya kesi, halafu baadaye ikamtumia karatasi nyingine yenye tarehe, ikadai mbili hizo zikiunganishwa zinatosha. Mahakama ilisema hapana: hati iwe moja yenye kila kitu. Kura zilikuwa 6 kwa 3. Aliyeandika uamuzi wa kumpa haki mhamiaji ni Gorsuch, yule yule aliyeketi kwenye kiti alichonyimwa Garland. Thomas na Barrett walikuwa naye pamoja na majaji watatu wa upande wa kiliberali. Mwaka mmoja nyuma, Juni 2020, Jaji Mkuu John Roberts, aliyeteuliwa na George W. Bush, ndiye aliyeongoza uamuzi wa 5 kwa 4 uliozuia kufutwa kwa mpango wa kuwalinda vijana walioletwa nchini wakiwa watoto. Kwa hiyo faida ya kwenda mahakamani ipo, hasa pale hoja yako inaposimama juu ya maneno ya sheria.

Tena kiti kikiwa tupu, mahakama haisimami. Majaji wanane wakigawanyika nne kwa nne, uamuzi wa mahakama ya chini unabaki, bila kuweka mwongozo wa nchi nzima. Juni 2016, kiti cha Scalia kikiwa wazi, ndivyo ulivyokufa mpango wa Obama wa kuwakinga na kufukuzwa mamilioni ya wazazi wa watoto raia na wakaazi halali. Waliosubiri kwa miezi walipata sentensi moja: hukumu ya chini imethibitishwa na mahakama iliyogawanyika sawa. Kwa familia hizo, ugomvi wa Seneti haukuwa mazungumzo ya kazini.

Unaweza kuuliza kama kuna dawa. Zinazotajwa ni nyingi, na zote zina shida zake. Inayonivutia zaidi ni kuwapa majaji miaka 18 badala ya maisha, kwa zamu, ili kila baada ya miaka miwili kiti kimoja kiwe wazi na kila muhula wa rais upate viwili. Hilo lingepunguza bahati nasibu na tamaa ya kuteua vijana. Rais Biden aliliunga mkono mwaka 2024. Lakini wanasheria wengi wanaona linahitaji kubadilisha Katiba, yaani theluthi mbili ya mabunge yote mawili na majimbo 38 kati ya 50, na katika hali ya sasa hilo sitegemei kuliona karibuni. Halafu lisipoambatana na ukomo wa siku za Seneti kupiga kura, Seneti ya upinzani inaweza kumfanyia kila mteule kama Garland, kila baada ya miaka miwili. Kuongeza viti ni rahisi zaidi kisheria, sheria ya kawaida inatosha. Ila atakayekuja naye ataongeza vyake, na Franklin Roosevelt alipojaribu mwaka 1937, Seneti iliyojaa watu wa chama chake ndiyo iliyouzika mpango huo. Kuirudisha kanuni ya kura 60 kunahitaji chama kilicho madarakani kijifunge mikono kwa kuamini kwamba wenzao hawataifungua tena. Sijaona anayeamini hivyo.

Sasa mdogo wako. Nilisema jaji wake hapigiwi kura na Seneti. Mahakama za uhamiaji ziko chini ya Wizara ya Sheria. Majaji wake ni waajiriwa wanaowekwa na Mwanasheria Mkuu wa serikali, na wanaweza kuondolewa. Siasa huingia huko kupitia Ikulu, moja kwa moja, bila mahojiano wala kamera. Akishindwa hapo, rufaa huenda Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, iliyo chini ya wizara hiyo hiyo. Akishindwa tena ndipo anaweza kwenda mahakama ya rufaa ya shirikisho, na kwa hatua hiyo ana siku 30 tu. Majaji wa huko wanaidhinishwa na Seneti na hukaa maisha, na kwa wahamiaji wengi hiyo ndiyo mahakama ya mwisho watakayoiona, kwa sababu Mahakama ya Juu huchagua kesi chini ya mia kwa mwaka kati ya maelfu ya maombi. Uteuzi wa majaji wa rufaa hupita kimya kimya, nusu ya wabishi wa kazini kwako hawajui majina yao, na kwa familia yako wana uzito kuliko wale tisa.

Kwa hiyo asingoje mtu. Aonane ana kwa ana, wiki hii ikiwezekana, na wakili wa uhamiaji mwenye leseni au mwakilishi wa shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Sheria kushughulikia kesi za uhamiaji. Orodha ya mashirika yasiyotoza hutolewa na mahakama za uhamiaji zenyewe. Aende na kila karatasi aliyopewa mpakani au uwanja wa ndege, hata ile inayoonekana haina maana. Kesi ya Niz-Chavez ilishindaniwa na kuamuliwa juu ya karatasi kama hizo. Kama mwaka umeshapita, aende vile vile: wakili ndiye wa kupima kama kuna msamaha unaomfaa au kinga nyingine isiyo na ukomo huo wa mwaka. Huyo jamaa wa makaratasi, muulizeni namba yake ya leseni au kibali chake. Vishoka wa uhamiaji ni wengi, na wengine ni watu wetu wenyewe wa kanisani au msikitini. Akikwepa swali, chukueni makaratasi yenu muondoke.

Wewe, kwa kuwa sasa ni mpiga kura, una maseneta wawili na kila mmoja ana ofisi katika jimbo lako, si Washington pekee. Mteule akitangazwa, maoni yako yana nguvu zaidi kabla ya kamati kupiga kura kuliko baada ya hapo, na hasa kama seneta wako hajatangaza msimamo. Ofisi hizo hizo husaidia pia wakaazi ambao maombi yao yamekwama kwenye idara za serikali: mwenye ombi hutia saini fomu ya kuruhusu taarifa zake ziulizwe, nao huandika barua kuuliza. Haziwezi kumwambia jaji wa uhamiaji aamue vipi, na anayekuahidi hivyo kwa pesa anakuibia. Lakini kuulizia faili lililolala wanaweza, na huduma hiyo ni bure.